Nyumba ya likizo kando ya mto Dordogne, Ufaransa: maswali ninayoulizwa kila mwaka

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, maisha yamenifikisha Bordeaux. Kwa miaka saba sasa, majira ya joto yakiingia, tunakodi nyumba kando ya mto Dordogne, kati ya vijiji vya Beynac na La Roque-Gageac, na jamaa wanakuja kwa zamu: wengine kutoka Dar na Mombasa, wengine London, shangazi mmoja kutoka Muscat. Kila mwaka kabla hawajafika simu yangu hujaa maswali, na mengi ni yale yale. Nimeyakusanya hapa na majibu yake, ili na wewe usiye jamaa yangu yakufae.

Dordogne ni wapi hasa?

Kusini-magharibi mwa Ufaransa. Dordogne ni jina la mto, na pia ni jina la wilaya kubwa ambayo mto huo unaipitia. Wenyeji wengi bado wanaiita kwa jina la zamani, Périgord. Mto unaanzia kwenye milima ya kati ya Ufaransa, chini ya kilele cha Puy de Sancy, unasafiri kama kilomita 480, halafu unakutana na mto Garonne karibu na Bordeaux na kuingia baharini kwa jina jipya la Gironde. Mwaka 2012 UNESCO ililitambua bonde lake lote kuwa hifadhi hai ya binadamu na mazingira (biosphere reserve).

Kipande ninachokizungumzia mimi ni kile cha chini ya mji wa Souillac hadi kupita Beynac. Hapo mto unazunguka kama nyoka chini ya majabali ya rangi ya asali, na kila jabali lina kijiji au ngome juu yake.

Hiyo "gîte" wanayoiandika kwenye matangazo ni nini? Ni hoteli?

Siyo hoteli. Gîte ni nyumba nzima unayokodi kwa siku au kwa wiki, ukajipikia na kujifagilia mwenyewe. Mara nyingi ni nyumba ya zamani ya mkulima, au ghala la kukaushia tumbaku lililogeuzwa makazi, kwa sababu zamani bonde hili lililima tumbaku sana. Ukiona "chambre d'hôtes", hicho ni chumba ndani ya nyumba ya mwenyeji, na kifungua kinywa kimo kwenye bei. Sheria inawaruhusu wenye chambre d'hôtes vyumba visivyozidi 5 na wageni wasiozidi 15 kwa wakati mmoja, kwa hiyo hata kikubwa chao ni kidogo.

Kwa familia yenye watoto na bibi asiyekula kabla ya saa tatu, gîte ndiyo mambo yote. Kwa wawili waliooana juzi, chambre d'hôtes inatosha, na mwenye nyumba atawaelekeza njia ambazo hazimo kwenye ramani.

Tangazo linasema nyumba iko kando ya mto. Niamini?

Soma neno kwa neno. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, na mimi niliumia mwaka wa kwanza. Picha ilionyesha mto unang'aa nyuma ya bustani. Tulipofika tukakuta mto upo kweli, ila kati ya bustani na maji ilipita barabara ya magari, tena ile kuu ya bondeni, na malori yanapita tangu alfajiri. Watoto walikaa wiki nzima wakiutazama mto kupitia uzio. Mwenye nyumba hakudanganya kwa maneno, alichagua tu pembe ya kupigia picha.

Tangu hapo naangalia Kifaransa chenyewe. "Vue sur la rivière" maana yake unauona mto, basi. Huenda uko juu ya jabali na kuufikia ni mwendo wa nusu saa. "À proximité de la rivière" ni karibu, na karibu ya mwenye gari siyo karibu ya mwenye mtoto mgongoni. "Accès direct à la rivière" ndiyo unayoitaka: unatoka mlangoni, unapita kwenye nyasi, unafika majini. Hata hapo uliza maswali mawili. La kwanza, ukingo ukoje, ni wa kokoto unaoteremka taratibu au ni ukuta wa udongo wa kudondokea? La pili, kuna uzio kati ya nyumba na maji? Ukiwa na mtoto anayetambaa au aliyeanza kutembea juzi, swali hili la pili ni muhimu kuliko idadi ya vitanda.

Kisha fungua ramani ya picha za setilaiti uitazame nyumba kutoka juu. Barabara, reli, kambi ya mahema ya jirani, vyote utaviona.

Malipo yanakwendaje?

Julai na Agosti nyumba nyingi hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi, hazikatwi siku. Unaingia kama saa kumi jioni, unatoka saa nne asubuhi. Ukisaini mkataba unalipa sehemu kwanza, na hapa pana maneno mawili yanayofanana machoni lakini kisheria yako mbali. Malipo yakiitwa "arrhes", unaweza kughairi ukazipoteza hizo tu. Na mwenye nyumba akighairi yeye, anakurudishia mara mbili. Yakiitwa "acompte", mmefungana: ukighairi anaweza kukudai hata kiasi kilichobaki. Kwa mtu ambaye viza yake haijatoka, tofauti hii ni kubwa. Muombe mwenye nyumba aandike arrhes. Wengine wanakubali, hasa ukimweleza ukweli kwamba unasubiri viza.

Juu ya kodi ya nyumba kuna amana, wanaiita "caution", inayorudishwa baada ya kukagua nyumba. Ukifika, piga picha za kila kilichovunjika au kuchubuka, siku hiyo hiyo, umtumie mwenye nyumba. Kuna pia kodi ya utalii, kiasi kidogo kwa kila mtu mzima kwa kila usiku. Walio chini ya miaka 18 hawalipi.

Mashuka na taulo uliza, maana nyumba nyingi hazitoi, au zinatoza pembeni. Usafi wa mwisho vilevile. Ukikodi msimu wa baridi uliza na gharama ya kupasha nyumba joto, inaweza kuwa nje ya bei.

Na mtu akikutaka utume pesa yote kwa huduma ya kutuma fedha mkononi, bila mkataba, kwa sababu "kuna wengine wanaitaka nyumba", achana naye hata kama nyumba ni nzuri namna gani.

Viza je?

Mwenye pasi ya Kenya, Tanzania, Uganda, Burundi, Rwanda au Kongo anahitaji viza ya Schengen ya muda mfupi, inayoruhusu hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Tangu Juni 2024 ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya miaka 6 hawalipi. Unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 kwenda juu, na ifunike nchi zote za Schengen.

Kuhusu mahali pa kulala watu wanachanganya. Ukikodi gîte, mkataba wenye jina lako, tarehe na anwani ndio ushahidi wako. Ukifikia nyumbani kwa ndugu anayeishi Ufaransa, yeye ndiye anayekwenda ofisi ya meya kuchukua hati iitwayo "attestation d'accueil", na anailipia yuro 30. Ukigawa safari, wiki kwa ndugu na wiki kwenye gîte, peleka zote mbili, na siku zifuatane bila pengo.

Jamaa wa Uingereza: mwenye pasi ya Afrika Mashariki na kibali cha kuishi Uingereza bado anahitaji viza hii. Mwenye kibali cha kuishi cha nchi ya Schengen hahitaji.

Nikishuka Paris nafikaje huko?

Treni ya kasi inatoka kituo cha Montparnasse na kufika Bordeaux kwa saa mbili na dakika chache. Kutoka Bordeaux kuna treni ya kawaida inayopita Libourne na Bergerac na kuishia Sarlat, ndio mwisho wa reli. Hii ya pili inakwenda polepole na ndiyo safari ninayoipenda: unapita mashamba ya mizabibu ya Saint-Émilion, halafu unaanza kuuvuka mto, unaupoteza, unaukuta tena. Anayetoka Uingereza anaweza kuruka moja kwa moja hadi uwanja mdogo wa Bergerac.

Ukishafika, bila gari utateseka. Mabasi ya vijijini ni machache na yanafuata ratiba za shule. Kodi gari Bordeaux au Bergerac, na uandike mapema kama unataka la otomatiki, maana mengi ni ya gia za mkono. Beba leseni yako pamoja na leseni ya kimataifa.

Sisi tuliozoea kushoto, hatari haiko barabara kuu, iko asubuhi unapotoka getini na barabara ni tupu. Hapo ndipo mkono unajipeleka kushoto wenyewe. Kwenye kipilefti unaingia kwa kulia na kuzunguka kinyume na mwendo wa saa, na aliyeko ndani ndiye mwenye haki. Vijijini kuna sheria nyingine ya zamani: pasipo na alama yoyote, gari linalotoka kulia kwako lina haki ya kupita, hata likitoka kichochoroni. Na kama gari ni la dizeli, neno la pampu ni "gazole".

Kuna mamba?

Hakuna. Hakuna mamba, hakuna kiboko, wala kichocho. Mama yangu aliliuliza swali hili kila siku kwa wiki nzima, na ninamwelewa, kwa sababu sisi tumekulia karibu na Pangani na mtoto wa Pangani hufundishwa kuogopa maji kabla hajafundishwa kuogelea.

Kuna samaki mkubwa, silure, jamaa wa kambare, anayeweza kupita mita 2. Anatisha kumwona, lakini watu wanaoga na yeye yuko chini huko na shughuli zake.

Basi watoto waoge tu?

Hapana, na hapa naomba unisikilize. Mto usio na mamba unawalegeza watu. Maji ni maangavu, unaona kokoto chini, wenyeji wanaoga, unajisemea ni salama. Lakini Dordogne una mkondo. Mahali fulani maji yako magotini, hatua mbili mbele ni shimo. Chini ya madaraja maji yanazunguka na kuvuta, na kwenye kingo za nje za kila kona mkondo unakimbia na kina kinaongezeka ghafla. Miti iliyoanguka nayo inanasa mtu kama nyavu.

Halafu kuna mabwawa. Huko juu, kuanzia Bort-les-Orgues hadi Argentat, mto umezuiwa na mabwawa makubwa ya umeme: Bort, Marèges, l'Aigle, Chastang, Sablier. Yakifungulia maji, kiwango kinapanda bila mvua kunyesha. Utaona mabango ya njano yenye mtu anayekimbia maji. Kadiri unavyoshuka kuelekea Beynac athari inapungua, lakini ukiwa jirani na Argentat usikae katikati ya mto kwenye kisiwa cha kokoto, hata jua likiwa kali vipi.

Kwetu tumeweka utaratibu na hatuuvunji. Mtoto haingii mtoni bila mtu mzima aliye ndani ya maji, na mtu mzima huyo anasimama upande wa chini, kule maji yanakoelekea, ili mtoto akichukuliwa aje mikononi mwake. Simu inabaki nyumbani. Wasiojua kuogelea wanavaa jaketi la kuokoa maisha hata kama maji ni ya magotini. Palipoandikwa "baignade interdite" hatuogi, hata wenyeji wakioga. Kuna fukwe za mto zenye walinzi Julai na Agosti, na ukiwa na watoto wengi ni bora uende huko alasiri kuliko kujiamini nyuma ya nyumba.

Kama nyumba ina bwawa la kuogelea, sheria ya mwaka 2003 inamtaka mwenye nyumba aweke kinga: uzio, kengele ya tahadhari, kifuniko, au paa la kulifunika. Siku ya kwanza muombe akuonyeshe inavyofungwa, kisha ifunge mwenyewe mbele yake.

Na mitumbwi?

Hiyo fanyeni, hata mkikaa siku tatu tu. Unakodi mtumbwi au kayaki sehemu za Carsac, Vitrac au Cénac, unateremka na mto, na mwishoni gari la kampuni linawarudisha. Kupiga kasia kinyume na maji hakupo. Kutoka Vitrac hadi Beynac chukua nusu siku na chakula kwenye pipa la plastiki wanalokupa, ambalo haliingizi maji. Unapita chini ya kijiji cha Domme, unapita La Roque-Gageac, unapita chini ya daraja la Castelnaud na ngome iko kichwani mwako, halafu Beynac inajitokeza. Nimeipita njia hii mara nyingi na bado naacha kupiga kasia nikifika hapo.

Sharti la Ufaransa ni kujua kuogelea mita 25 na kuweza kuzamisha kichwa, na jaketi lazima livaliwe. Makampuni mengi hayapokei watoto chini ya miaka 5. Katikati ya Agosti mto unajaa mitumbwi kama daladala za Kariakoo, basi anza saa tatu asubuhi.

Asiyetaka kasia apande gabare pale La Roque-Gageac. Ni jahazi la chini bapa, mfano wa yale yaliyobeba mbao na miti ya mwaloni ya kutengenezea mapipa ya mvinyo kwenda Libourne na Bordeaux, kabla reli haijaua biashara hiyo. Yale ya kutoka Argentat yalikuwa hayarudi: wakifika chini waliyavunja wakauza mbao zake, na mabaharia wakarudi kwao kwa miguu.

Tutakula nini? Na halali?

Chakula cha Périgord ni bata. Bata na bata bukini, maini yao, mapaja yao yaliyopikwa kwa mafuta yao wenyewe. Kwa mla halali huo ndio mtego, tena unajificha: hata viazi. Viazi vya Sarlat, "pommes sarladaises", vinakaangwa kwa mafuta ya bata au bukini na kitunguu saumu, na kwenye orodha ya chakula vinaonekana ni viazi tu. Uliza kila mara. Nyama halali nunueni Bordeaux au Bergerac mnapokuja, mkaiweke kwenye friza ya nyumba. Ndiyo maana, kabla ya kusaini, nauliza kama kuna friza.

Lakini gulio linafuta manung'uniko yote. La Sarlat liko Jumatano na Jumamosi, na la Jumamosi linajaza mji mzima wa kale. La Domme ni Alhamisi, la Saint-Cyprien Jumapili. Nenda saa mbili na nusu asubuhi. Saa nne huwezi kupita. Utakuta jozi za Périgord (zile kokwa ziitwazo walnut), mafuta yake na keki yake, matunda ya stroberi mwezi wa tano na wa sita, jibini ndogo za mbuzi za Rocamadour zisizozidi kiganja cha mtoto, nyanya zilizokomaa juani, na asali. Samaki wa mtoni aitwaye sandre ana nyama nyeupe isiyo na harufu ya tope. Mpake chumvi, ndimu na pilipili manga, umchome. Wageni wangu wote wa pwani wanamsifu.

Ugali? Unga wa sembe hautaupata kijijini, uko kwenye maduka ya Waafrika Bordeaux. Ukikwama, nunua polenta dukani. Ni unga wa mahindi ya njano, ni chengachenga, na unakubali mwiko. Pilipili zenye ukali njoo nazo.

Zingatia saa. Mikahawa inatoa chakula cha mchana kuanzia saa sita hadi saa nane, na saa nane na nusu jiko limefungwa, hata ukiomba. Jumapili alasiri na Jumatatu maduka mengi ya vijijini yamelala. Mkate ununue asubuhi, ukiwa bado wa moto.

Swala na saa zikoje?

Kibla ni kusini-mashariki. Mwezi wa Juni jua linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo magharibi inaingia wakati ambao kwetu watoto wamelala, na isha inakaribia saa sita usiku kutegemea kalenda unayofuata. Mwaka wa kwanza mwili unakataa. Shangazi wa Muscat alilizoea kwa kulala kidogo baada ya adhuhuri, na nyumba nzima ikamfuata.

Kwa simu za nyumbani: majira ya joto Ufaransa iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja tu, na majira ya baridi kwa saa mbili.

Nyumba ina kiyoyozi?

Nyingi hazina, na joto linaweza kupita nyuzi 35. Lakini kuta za mawe ni nene kama za nyumba za kale za Lamu, na zinafanya kazi ile ile. Fuata wanavyofanya wenyeji: alfajiri fungua kila kitu, saa nne asubuhi funga madirisha na mbao zake za nje, kaa gizani kama uko msikitini adhuhuri, kisha fungua tena jua likishuka. Wageni wanaofungua mchana "ili upepo uingie" ndio wanaolala jasho tupu.

Mbu wapo jioni, neti hazipo. Kupe wapo kwenye nyasi ndefu, basi wakague watoto nyuma ya magoti na masikioni. Hata Agosti, leteni sweta: ukungu wa mto alfajiri una baridi.

Tukitoka nyumbani tukaone nini?

Vichache. Wageni wanaokuja na orodha ya mahali ishirini wanarudi na picha za maegesho.

Beynac na Castelnaud ziende pamoja, kwa sababu ni ngome mbili zinazotazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto. Wakati wa Vita vya Miaka Mia, Beynac ilikuwa upande wa mfalme wa Ufaransa, na Castelnaud mara nyingi ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Simama juu ya moja uitazame nyingine, utaelewa vita ile haraka zaidi kuliko darasani. Castelnaud ina makumbusho ya silaha za zama hizo, pamoja na mitambo mikubwa ya kurushia mawe.

La Roque-Gageac imebanwa kati ya jabali na maji, na Januari 1957 kipande cha jabali kilianguka kikaua watu watatu. Jabali hilo linatazama kusini na kuhifadhi joto, kiasi kwamba chini yake kuna bustani ya mitende, mianzi na migomba. Ndiyo, migomba, Ufaransa. Mama yangu alikaa hapo muda mrefu kuliko ngome zote.

Bonde la jirani, la mto Vézère, ndilo la mapango. Lascaux, pango lenye michoro ya watu wa kale, iligunduliwa na vijana wanne Septemba 1940, ikafunguliwa kwa watu mwaka 1948, na ikafungwa mwaka 1963 kwa sababu pumzi na joto la wageni vilikuwa vinaharibu michoro. Unachokiona leo hapo jirani, katika mji wa Montignac, ni nakala kamili, iliyofunguliwa Desemba 2016, na ni kazi ya kustahili heshima. Anayetaka michoro yenyewe, iliyochorwa na mkono wa mtu wa kale, aende Font-de-Gaume pale Les Eyzies, lakini wanaingiza watu wachache mno kwa siku, kwa hiyo agiza tiketi mapema.

Sisi Waafrika watatupokeaje kijijini?

Kwa adabu, ukianza wewe. Kama kwetu huingii nyumba ya mtu bila hodi, huko huingii dukani bila "bonjour". Ukianza na swali kabla ya salamu, umekosa adabu, na jibu litakuwa baridi; wengi wanadhani ni rangi yao, kumbe ni salamu iliyorukwa. Sitakuficha kwamba kuna macho yanayokutazama zaidi ya inavyohitajika. Kwa miaka saba nimeyaona mara chache. Jirani yetu wa kwanza, mzee wa jozi na nyuki, alituletea asali siku ya pili.

Kuhusu vazi: mabwawa ya umma yana masharti makali, hata wanaume kaptura pana hazikubaliki. Mtoni nimeoga nimejifunika mwili mzima na hakuna aliyeniuliza.

Na kama watoto wenu wanauliza kama mtu mweusi amewahi kuishi bonde hili, wapelekeni Château des Milandes, dakika chache kutoka Castelnaud. Josephine Baker, aliyezaliwa St. Louis, Marekani, akawa nyota wa Paris na kuitumikia Ufaransa vitani dhidi ya Wanazi, alilinunua kasri hilo mwaka 1947 na kulelea humo watoto 12 aliowaasili kutoka pande mbalimbali za dunia. Madeni yalimtoa humo mwishoni mwa miaka ya 1960. Tarehe 30 Novemba 2021 aliingizwa Panthéon, jengo la Paris la kuwaenzi mashujaa wa Ufaransa, mwanamke wa kwanza mweusi kupewa heshima hiyo, na kwenye jeneza lake uliwekwa udongo wa mahali pane alipopapenda. Mmoja wao ni wa Milandes. Binti wa dada yangu, wa miaka tisa, alisimama mbele ya magauni yake pale ndani akakataa kutoka.

Mtu akiugua?

Piga 15 kwa dharura ya kitabibu, 18 kwa zimamoto, ambao ndio wanaoitwa pia mtu akizama, au 112 kwa yote. Hospitali ya karibu iko Sarlat. Duka la dawa lina msalaba wa kijani, na usiku au Jumapili namba 3237 inakuelekeza lililo wazi. Andika anwani kamili ya nyumba kwenye karatasi ubandike kwenye friji, maana kwa hofu hakuna anayekumbuka jina la Kifaransa la kitongoji.

Twende mwezi gani?

Juni au Septemba. Mchana bado mrefu, bei imeshuka, barabara ziko wazi. Oktoba ni ya jozi na ukungu, inawafaa watu wa kimya. Majira ya baridi maeneo mengi hufungwa na mto hupanda. Serikali ina huduma iitwayo Vigicrues inayoonyesha hali ya kila mto kwa rangi, kijani, njano, chungwa na nyekundu. Itazame hata mwezi wa nne.

Kuna sheria gani za kuondoka?

Osha vyombo, toa takataka. Mapipa mara nyingi ni ya pamoja pembeni mwa barabara, na kuna mahali yanafunguliwa kwa kadi, basi mwombe mwenye nyumba kadi siku ya kwanza. Chupa za kioo zina pipa lake. Nyumba nyingi za mashambani zinatumia shimo lao la maji machafu, kwa hiyo tishu za kufutia watoto zisiingie chooni hata moja. Tuliwahi kukaa siku mbili bila choo kwa sababu hiyo, watu kumi na mmoja.

Na wewe mwaka huu utakuwepo?

Wiki mbili za mwisho wa Juni, inshallah. Nyumba ina vitanda vinane, sita vimeshachukuliwa. Atakayekuja kutoka Tanga aniletee pilipili mbuzi na bahasha ya hiliki.